Jino Langu Moja, Meno Sita ya Baba

Nilitoka kwa daktari wa meno Jumatatu asubuhi nikiwa na pamba kinywani, mdomo wa chini umekufa ganzi, na Baba akitembea hatua kumi mbele yangu bila kugeuka nyuma. Mkoba wangu alikuwa ameubeba yeye. Hivyo ndivyo alivyokuwa: hata akukasirikie vipi, mzigo wako atakubebea. Tulivuka barabara, tukapita kwa wauza mitumba, tukaingia mtaa wetu wa Huruma, na njia nzima hakutoa neno. Mimi nami singeweza. Daktari alikuwa ameniagiza niing'ate ile pamba nusu saa nisifungue kinywa, na mate yenye ladha ya damu yalikuwa yakijaa, nameza, yanajaa tena.

Anayenijua atacheka akisikia kuna wiki niliyokaa kimya. Mimi ni mtu wa mdomo, na sijawahi kukana. Kwenye lile ghorofa letu, ukizuka ugomvi wa zamu ya maji, majirani walinigongea mlango nikawasemee. Shangazi alikuwa akisema ulimi hauna mfupa, lakini wangu mimi una makali. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, nafundisha watoto wa chekechea kule mtaa wa Tena, naishi na Baba vyumba viwili orofa ya tatu. Mama alikuwa amefariki miaka minne nyuma, ndugu zangu wakubwa wana familia zao. Tulibaki wawili.

Wacha nieleze nilichofanya, na nikieleze bila kujitetea.

Baba hakuwa na meno sita ya mbele, ya chini. Sisi ni Wajaluo, na kwa watu wa rika lake mvulana akianza kuwa mkubwa aling'olewa meno hayo sita, akapona, ndipo akahesabiwa kuwa mtu wa kwao. Mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, alinusurika kwa sababu wakati wake kanisa na shule zilikuwa zimeshaingia na kuyapinga mambo hayo. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ana pengo na mwingine meno yamepangika kama mahindi mabichi.

Kule nyumbani pengo lile lilikuwa heshima. Nairobi likawa kitu kingine. Kiwandani Industrial Area, alikofanya kazi ya kuchemsha sabuni, walimwita Kibogoyo, wengine kwa mapenzi na wengine wakijua wanachofanya. Akiongea, upepo ulimtoka katikati ya maneno. Nikiwa mdogo niliipenda sauti hiyo. Nilipofika kidato cha pili nikaanza kuisikia kwa masikio ya wasichana wenzangu, na siku ya wazazi ilipokaribia nikamdanganya kwamba imesogezwa wiki moja mbele. Alikuja wiki hiyo ya mbele, amevaa tai. Askari wa getini akamwambia, mzee, siku ya wazazi ilishapita. Baba hakuniuliza hata siku moja.

Sasa nilikuwa nimepata mtu. Alikuwa dereva wa lori, Mkamba, mpole, mwenye kusikiliza kuliko kusema, na labda ndiyo maana tulipatana. Watu wa kwao walikuwa wanakuja Jumamosi kubisha hodi kwa mara ya kwanza. Mambo makubwa ya mahari yangefanyiwa kwetu mashambani baadaye. Hii ilikuwa ya kuonana tu. Lakini kwetu kuonana si mchezo. Wageni wa namna hiyo hupokelewa na baba wa msichana. Anaweza kumpa ndugu yake kazi ya kuongea, hiyo ni sawa, ila yeye mwenyewe lazima awe ameketi pale. Baba akiwa hai, mzima, na kiti chake ni kitupu, wageni hawahitaji kuambiwa zaidi. Wamekwisha kujibiwa kwamba mwenye binti amekataa. Watashukuru kwa chai, watarudi walikotoka, na hutawaona tena.

Mimi nilimtaka Baba kwenye kiti hicho. Ila nilimtaka akiwa na meno.

Jino langu la nyuma, la chini upande wa kushoto, lilikuwa limenisumbua tangu Krismasi, na daktari alisema halina dawa tena ila kung'olewa. Nikaona hapo pana njia. Ijumaa nikampitia huyo daktari, kijana mmoja mwenye haraka zake, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Jumatatu nitakuja na baba yangu, amtazame lile pengo, ampime meno ya kubandika, lakini iwe kana kwamba yeye daktari ndiye ameliona. Akasema hakuna shida. Baba nikamwambia naogopa sindano, anisindikize. Na huo haukuwa uongo kabisa. Sindano naziogopa mpaka leo.

Kung'olewa kwenyewe kulikwisha upesi. Kwa ganzi sikuona uchungu, nilisikia mlio tu, kama kuni kavu inavunjwa ndani ya kichwa changu. Nikatoka nimeshika shavu. Baba alikuwa kwenye benchi na wagonjwa wengine kama kumi hivi, kofia gotini. Daktari akanifuata mpaka mlangoni. Sijui alisahau nilivyomwomba au hakuona ubaya. Akasema, mbele ya benchi zima:

"Mzee, nawe ingia. Binti yako ameniomba nikuwekee meno ya mbele, anasema ana wageni Jumamosi."

Mama mmoja alicheka kidogo, akajificha kwenye leso yake. Baba akainuka polepole. Alinitazama mimi kwanza, kisha daktari.

"Meno yangu hayakuoza, daktari," akasema. "Niliyatoa."

Akauchukua mkoba wangu, akatoka nje.

Tulipofika nyumbani aliuweka mkoba juu ya meza, akavua koti, akaniambia, wala hakuwa na ukali, kwamba Jumamosi mdogo wake ndiye atakayewapokea wageni. Yeye ataomba shifti siku hiyo. Nikajaribu kumjibu. Mdomo ulikuwa mzito kama si wangu, pamba imejaa, nikatoa sauti ya mbuzi na mate yakanitiririka kidevuni. Baba akanipa kitambaa nijipanguse. Akaniambia leo nisisukutue kabisa, damu igande, nisitemeteme, na nikilala kichwa kiwe juu. Kisha akajiandaa kwenda kazini, maana wiki hiyo alikuwa akiingia saa nane mchana.

Ungedhani nilikaa nikajuta. Lo, nilinuna! Aliyekosa mimi, aliyenuna mimi. Nikajiambia, yeye anajua nini kuhusu madaktari wa siku hizi? Jirani wa mlango wa pili akaniambia dawa ya jino ni maji moto na chumvi, nisukutue kwa nguvu, uchafu wote utoke. Nikawasha stovu, nikachemsha sufuria nzima, nikasukutua jioni yote kwa hasira, nikitema kwenye karai kama ninayemtemea mtu. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na mimi Idi yangu ilikuwa njiani.

Jumanne nilijiona nina nafuu. Shavu lilikuwa limevimba lakini si sana. Shuleni walikuwa wamenipa ruhusa ya wiki hiyo. Asubuhi nzima tulikaa mle ndani mimi na Baba, yeye akishona kiatu chake karibu na dirisha, mimi kitandani nimegeukia ukuta. Ulimi wangu haukutulia. Ulikuwa ukienda kwenye lile shimo, unaligusa, unarudi, unaenda tena. Shimo la jino moja, lakini kwa ulimi lilikuwa kubwa kama chumba. Ndipo kwa mara ya kwanza nikawaza, na ulimi wa Baba je, uliwahi kutulia? Wazo hilo nililifukuza, maana nilikuwa bado nimenuna.

Jumatano asubuhi maumivu yakaja. Sijui niyaeleze vipi kwa mtu ambaye hayajampata. Yalianzia kwenye shimo, yakapanda sikioni, yakaenda mpaka kwenye kipaji cha uso, na kinywa kikawa na harufu mbaya niliyoinusa mwenyewe. Kubwa zaidi, taya lilikaza. Nilijaribu kupiga mwayo, halikufunguka. Nikajaribu kuingiza kidole kimoja kati ya meno, hakikuingia. Nikashikwa na hofu ya kweli. Nikaanza kulia kupitia puani.

Baba aliweka kiatu chini akaja. Aliniinua kidevu, akakielekeza kwenye mwanga, akaniuliza kama nilisukutua. Nikaitikia kwa kichwa. Nilimngoja aseme, nilikuambia. Hakusema. Aliwasha stovu, akakoroga uji wa wimbi mwepesi kama maji, akauchuja, akaupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe. Akaketi ukingoni mwa kitanda na kijiko cha chai. Kijiko kikagonga meno yangu, uji ukamwagika shingoni. Akajaribu tena, ukamwagika tena. Akakaa akaniangalia.

"Wazee wetu walisema tuling'olewa ili mtu akishikwa na pepopunda, taya likifunga, apitishiwe uji hapa mbele," akasema. "Sasa wewe umefunga taya, na meno yako yote yamejipanga mlangoni kama askari. Nikupitishie wapi?"

Nilicheka, na kicheko kikanichoma mpaka utosini, nikalia na kucheka kwa pamoja. Baba hakucheka. Alivuta shavu langu la kulia kwa kidole, akaingiza kijiko kando, nyuma ya meno, akamimina tone kwa tone. Nilimeza kikombe kizima hivyo. Ilichukua karibu saa moja.

Na wakati akinilisha alinisimulia, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alisema alikuwa na umri wa kama miaka kumi na mitatu. Walipelekwa wavulana sita alfajiri moja kwa mzee aliyekuwa na kazi hiyo, mwenye chuma bapa. Unalazwa chali, kichwa chako kati ya magoti yake, naye anaanza na jino la katikati. Hakuna sindano. Meno yako unapewa mkononi, moja moja, unayashika. Baadaye wale sita walikaa kwenye nyumba moja kwa bibi yake, mashavu yamevimba, hakuna anayeweza kuongea, wanaongea kwa mikono. Bibi yake ndiye aliyewapoza uji kwa kuumimina kibuyu hadi kibuyu. Aliwakataza kusukutua siku ya kwanza. Alisema bonge la damu ndilo mlinzi, ukimfukuza mlinzi usilie mwizi akiingia.

Nikiwa nimelala pale nilihesabu. Mimi jino moja, kwa ganzi, na nimelazwa kama maiti. Yeye sita. Halafu akatoka kwao na pengo hilo, akaja mji ambao watu wanalicheka, akafanya kazi miaka thelathini, na binti yake aliyemlisha na kumsomesha akaenda kumwambia kijana wa koti jeupe kwamba baba yangu ana kasoro, nirekebishie. Nilitaka kumwambia. Haki ya Mungu nilitaka, lakini taya lilikuwa limefunga kabisa, na kila nilipojaribu kilitoka kilio tu.

Nikachukua daftari la shule na kalamu nyekundu ya kusahihishia. Nikaandika: Baba nisamehe. Nilikosa. Tafadhali uwepo Jumamosi. Alivaa miwani, akasoma, akaikunja ile karatasi mara mbili akaiweka mfukoni. Nikamtazama kwa matumaini.

"Kwa daktari ulisema kwa mdomo," akaniambia. "Na hili nitalisikia kwa mdomo. Upone kwanza."

Akaenda kazini.

Alhamisi asubuhi alinirudisha kwa daktari, na akaketi kwenye benchi lilelile, kofia gotini, nami najua mtu mwingine angebaki barabarani. Daktari akasema damu haikuganda, mfupa umebaki wazi, ndiyo maana. Akanisafisha, akajaza lile shimo kwa kitambaa chenye mafuta ya karafuu. Kufika nyumbani maumivu yalikuwa yameshuka nusu. Taya likabaki gumu. Daktari alisema litalegea polepole, nijaribu kulifungua kidogo kidogo, labda siku nne, labda tano. Mimi sikuwa na siku nne. Nilikuwa na moja na nusu.

Ijumaa nilishinda mbele ya kioo nikisukuma taya kwa vidole. Mchana kilipita kijiko. Jioni kilipita kidole. Nilikuwa na neno langu tayari, namngoja Baba, lakini alikuwa na shifti ya jioni, na dawa ya maumivu ikanichukua kabla hajarudi.

Nilipoamka Jumamosi kulikuwa kumekucha. Msumari anaotundika ovaroli yake ulikuwa mtupu. Aliomba ile shifti ya asubuhi, akapewa, akaondoka. Mezani aliniachia uji kwenye chupa ya chai. Niliketi kitandani na ile chupa mikononi, na moyo ukaniambia waziwazi kwamba nimewakosa wote wawili kwa siku moja, baba na mume.

Shangazi alifika saa mbili na kuku wake, akauliza kaka yake yuko wapi. Nikaonyesha msumari. Akanitazama sana, kwa sababu habari za kwa daktari zilikuwa zimemfikia, kisha akaanza kumenya vitunguu bila kusema kitu. Shangazi kunyamaza ni jambo la kuogopesha. Baba mdogo akaja na suti yake ya kijivu, akiyafanyia mazoezi maneno yake ya kukaribisha wageni. Alikuwa anafurahi, masikini. Mimi nilikuwa ninatamani aanguke ngazi, aumie kidogo tu, ili jambo lote liahirishwe.

Wageni walifika saa tano. Walikuwa watatu: mchumba wangu, mama yake, na baba yake mkubwa, mzee mchonga vinyago mwenye vidole vilivyokunjamana. Wakaketi, wakapewa chai, na mzee akasimama kuomba. Alipofungua kinywa kusema Baba yetu uliye mbinguni, nikaona. Meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yamechongwa, manne, kila moja na ncha yake, ile kazi ya zamani ya Wakamba wa rika lake. Sikufumba macho maombi yote. Amina ilipoitikiwa nilimvuta mchumba wangu nje kwenye baraza, nikamuuliza, kwa nusu ya mdomo niliyokuwa nayo, kwa nini hakuwahi kuniambia. Alishangaa.

"Nikuambie nini?" akasema. "Si ni meno yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ya baba yangu niliyatafutia dawa, yeye ya mzee wake hakuwahi hata kuyafikiria.

Ndani, yule mzee alikuwa ameuliza baba wa msichana yuko wapi. Baba mdogo alilitoa jibu lake vizuri, kwamba kaka yake amebanwa na kazi, na yeye amesimama mahali pake, na wajisikie wako nyumbani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chake chini, kimejaa vilevile.

"Basi tutamngoja," akasema. "Kama amekataa, nitapenda aniambie mwenyewe."

Mama wa mchumba wangu naye akaweka kikombe chake. Shangazi alikuwa ameshika mwiko, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu aulizie kaka yake akafungua kinywa. Akaniambia, "Wewe ndiye uliyemfukuza. Nenda umlete."

Nilijitupia leso juu ya gauni langu la wageni nikashuka ngazi. Niliamua kwenda kwa miguu, njia anayopita Baba kila siku, kwa sababu nilihitaji muda wa kulifundisha taya langu. Nilitembea nikisema peke yangu. Baba nisamehe. Baba nisamehe. Herufi zilikuwa zikitoka zimepondeka, upepo unapita pembeni, mate yananitoka. Watu walinipisha njia, si ajabu walidhani nimerukwa na akili. Karibu na Jogoo Road nikasikia sauti yangu mwenyewe vizuri, nikasimama. Nilikuwa nasikika kama yeye.

Nilifika getini saa ya chakula. Wafanyakazi walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta, upande unaotazama mabanda ya Mukuru kwa Njenga, na mabakuli ya githeri, mahindi na maharagwe. Baba alikuwa katikati yao. Mmoja akasema, Kibogoyo, una mgeni. Baba akainua macho, akaniona na lile gauni, na shavu langu, na vumbi la miguuni.

"Baba," nikasema. "Nisamehe."

Kijiko chake kilibaki hewani.

"Sema tena," akaniambia. "Sikusikia."

Nikakusanya nguvu. Nikasema kwa sauti kwamba nilimwaibisha mbele ya watu na sikuwa na haki, anisamehe. Waliokuwa wanatafuna waliacha. Baba akatikisa kichwa. Akasema bado nina uvimbe, maneno hayatoki vizuri, nirudie. Nikarudia mara ya tatu, taya likalia kah, uchungu ukanipanda sikioni, nikawa nalia hadharani kama mtoto wa chekechea. Ndipo nikaona mabega yake yanatikisika.

"Nilisikia mara ya kwanza," akasema. "Hiyo ilikuwa ya kwa daktari. Hizo mbili ni za siku ya wazazi."

Akanisogezea bakuli lake nishike, akaenda kuongea na msimamizi. Shifti alikuwa ameiomba mwenyewe, kwa hiyo hawakumzuia. Mimi nilibaki pale na githeri mkononi mbele ya wanaume ishirini, nimefyata ulimi, na hakuna aliyenitania.

Tulirudi kwa basi kwa sababu Baba aliuliza kama wageni wamekula, nikamwambia mzee wao amekataa hata chai mpaka amwone. Akauliza ni mzee wa namna gani. Nikamweleza, na nikamweleza meno. Akanitazama ahakikishe simtanii. Ya juu? Ya juu. Manne? Manne. Tulipokaribia nyumbani alianza kutembea haraka hivi kwamba ilibidi nishike gauni nimkimbilie.

Alitaka kubadilisha nguo kwanza. Yule mzee akainuka akamshika mkono na ovaroli yake ileile inayonuka sabuni, akamwambia aketi hivyo hivyo, wametoka mbali na wana njaa. Wakaketi wakielekeana. Wakaangaliana vinywa, waziwazi, bila haya, jinsi wazee wanavyoangalia ng'ombe. Mzee akamuuliza meno walimtoa kwa kitu gani. Baba akasema chuma. Mzee akasema yeye walimchonga kwa patasi ndogo na nyundo. Wakacheka wote wawili, kicheko kikubwa, na sisi wengine tukacheka kwa kuwa wamecheka. Baba mdogo na meno yake yote alikaa pale pembeni kama mgeni.

Baba akasafisha koo. Hakumpa mdogo wake kazi ya kuongea. Aliwakaribisha mwenyewe, kwa sauti yake, upepo ukimtoka katikati ya maneno, akasema wamefika mahali pao. Kisha akafanya kama desturi inavyotaka, msichana awakubali wageni wake mbele ya wote. Akanigeukia mimi nilipokuwa nimesimama mlangoni na sinia.

"Binti yangu," akasema, "hawa watu unawajua?"

Swali hilo moja nilikuwa nimetaka litoke kwenye kinywa chenye meno yote. Niliweka sinia chini.

"Nawajua, Baba," nikasema, na machozi yakanimwagika mbele ya wote, nikashindwa kuyazuia. Mama mkwe wangu akaniambia pole sana, jino ni kitu kibaya. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwacha aamini ni jino.